Kuchagua fimbo na mshipi wa kuvulia Mtera: niliyojifunza kwa fimbo ya samoni

Dodoma si mji wa samaki. Wengi tunaowala huja na barafu kutoka Mwanza, au wakaushwe Mtera waletwe kwa matenga, na mtoto wa hapa anaweza kumaliza darasa la saba hajawahi kushika ndoano. Kwa hiyo mtu akitaka kujifunza kuvua kwa fimbo ukubwani, hana wa kumuuliza. Atamuuliza muuza duka, na muuza duka atamuuzia kilichopo.

Mimi hata dukani sikupita, maana fimbo nilipewa. Mjomba wangu ni mhandisi wa maji mstaafu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alisoma Uskoti, na huko wenyeji wakamfundisha kuvua samoni mtoni. Aliporudi nyumbani akaja na fimbo yake, ikakaa juu ya kabati miaka nenda rudi, kwa kuwa kazi ya kuchimba visima Kondoa na Manyoni haikumpa mahali pa kurusha ndoano. Siku nilipomwambia kwamba nataka kuwa naenda Mtera mwisho wa juma kuvua, alicheka, akainuka, akaishusha.

"Chukua, mjomba," akaniambia. "Ila sikuahidi kwamba itakufaa."

Maneno ya mwisho hayo yaliingia sikio hili yakatokea lile, kwa jinsi fimbo yenyewe ilivyokuwa nzuri. Vipande vitatu kwenye mfuko wa turubai, rangi ya kijani iliyokolea, mpini mrefu wa lile gome jepesi wanalotengenezea vizibo vya chupa za mvinyo. Nilipoiunga uani kwangu Nkuhungu, ncha ilivuka ukuta ikaingia kwa jirani. Futi 15, yaani mita nne na nusu. Juu kidogo ya mpini palikuwa na maandishi madogo ya rangi nyeupe: urefu wa fimbo, kisha alama na namba 10. Nikadhani ni namba ya toleo. Kumbe kila nilichohitaji kujua kuhusu ile fimbo kilikuwa pale.

Kwa asiyepajua, Mtera ni bwawa kwenye Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, karibu katikati ya barabara inayounganisha miji hiyo miwili. Lilijengwa kuhifadhi maji ya mitambo ya Kidatu huko chini, baadaye likawekewa mitambo yake lenyewe ya megawati 80. Likijaa kabisa, maji hufika mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Hizo mita nane na nusu zinamhusu na mvuvi. Sehemu kubwa ya ukingo ni bapa, kwa hiyo maji yakishuka kimo kidogo tu, ufuko unarudi nyuma mbali. Pale uliposimama Mei ukavua vizuri, Novemba utakuta tope lililopasukapasuka na ng'ombe wanapita. Maji yenyewe yamejaa visiki na miti iliyokufa ikiwa wima tangu bonde lilipozama. Umbali wa kurusha na visiki ndivyo vitu viwili vinavyoamua uvue na nini. Nilivijua nikiwa nimeshafika, na fimbo mkononi.

Mshipi wa asili wa ile fimbo, mnene, wenye ganda la plastiki, ulikuwa umeliwa na joto la miaka yote ile, ukiukunja unapasuka. Nikautoa, nikaweka nailoni nyembamba, chubwi ndogo (kile kizito cha kuzamishia ndoano) na nyungunyungu. Nikarusha. Ncha ikapinda kivivu, chambo kikaanguka hatua chache mbele ya viatu vyangu. Nikaongeza nguvu: nyungunyungu akachomoka kwenye ndoano akaruka peke yake, akaenda mbali kuliko chubwi.

Pembeni yangu alikuwapo kijana, Msukuma kwa lafudhi, anavua kwa mshipi wa mkono uliozungushiwa chupa ya maji. Chubwi yake ilikuwa plagi mbovu ya pikipiki. Akauzungusha juu ya kichwa, akaachia, plagi ikatua mbali mno kupita nilikofika mimi. Kisha akanigeukia.

"Braza, hiyo antena inakamata stesheni gani?"

Sikukasirika, maana ndivyo ilivyokuwa. Nilirudi Dodoma na perege wa kununua barabarani, na nyumbani nikasema ukweli kwamba ni wa kununua.

Jioni ile nilimpigia mjomba. Hakushangaa. Akaniambia niende na ule mshipi mbovu niliokuwa karibu kuutupa. Nilipofika akanipa kipande niupime mkononi. "Unauonaje, mzito au mwepesi?" Mzito. "Basi hapo ndipo penye siri yote."

Maelezo yake nayaandika kwa namna nilivyoyaelewa. Kuna kuvua kwa aina mbili. Ya kwanza ni hii tunayoijua wote: mwisho wa mshipi kuna chubwi au chambo kizito, na huo uzito ukiruka unavuta mshipi mwembamba nyuma yake. Ya pili ni ile ya samoni. Kule mwisho wa mshipi kuna ndoano iliyofungwa manyoya, haina uzito wa kuhesabika, wala hakuna chubwi. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe. Umetengenezwa mnene na mzito makusudi, nao ndio unaoipinda fimbo na kubeba manyoya. Ndiyo maana fimbo ile huandikwa namba ya mshipi. Kipimo hicho kilipangwa mwaka 1961 kwa kupima uzito wa futi 30 za kwanza za mshipi, na namba inavyopanda ndivyo uzito unavyopanda. Namba 10 ni gramu kama 18 kwa kipimo hicho, na mishipi ya fimbo za kushika kwa mikono miwili huwa mizito kuliko hapo. Fimbo za aina ya kwanza hazina namba hiyo. Zenyewe huandikwa gramu za kitu utakachorusha, kwa mfano 20 hadi 60.

Kwa hiyo mimi nilichukua fimbo inayosubiri mshipi mzito, nikaiwekea uzi usio na uzito na chubwi ya gramu chache. Haikuwa na cha kuipinda, na fimbo isiyopinda hairushi. Hapo nguvu za mkono hazisaidii kitu.

Nikamuuliza kwa nini basi iwe ndefu vile. Hapo mzee alipata utamu. Mito ya samoni ya Uskoti, kama Tay, Spey na Tweed, ina sehemu pana, yenye mkondo wa nguvu, na mara nyingi nyuma ya mvuvi kuna miti au kingo ya juu. Huwezi kuutupa mshipi nyuma ndipo uupeleke mbele, utavua matawi. Wakabuni namna ya kuuviringisha mshipi juu ya maji mbele yao na kuupeleka ng'ambo bila kwenda nyuma sana, mtindo unaoitwa kwa jina la Mto Spey. Fimbo ndefu ya mikono miwili ndiyo inayowezesha hilo. Halafu samoni mwenyewe ana mambo yake. Anatoka baharini kupanda mto kwenda kuzaa, na akishaingia maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, haendelei kula. Unapomrushia manyoya humlishi, unamchokoza. Mvuvi anaupitisha mshipi kukata mkondo, anashuka hatua moja, anaupitisha tena, siku nzima, na anaweza kurudi mikono mitupu akalala na furaha yake.

"Na Jumapili?" nikauliza, kwa kuwa mimi siku yangu ya kuvua ni hiyo.

"Jumapili kule samoni havuliwi. Sheria imekataza."

Akanisimulia pia habari za Georgina Ballantine, ambaye mwaka 1922 alivua samoni wa pauni 64, kilo 29 hivi, kwenye Mto Tay, akiwa mashuani na baba yake. Hakuna aliyempita Uingereza nzima hadi leo kwa samoni wa fimbo. Na hakutumia manyoya, alitumia samaki mdogo wa chambo. Mjomba huipenda habari hiyo kwa sababu huko alikosoma walikuwapo mabwana waliodharau kila chambo kisichokuwa manyoya, na yeye alikuwa akiwanyamazisha kwa jina hilo moja.

Sisi hapa samoni hatuna. Jamaa yake wa karibu, trauti, alipandikizwa enzi za ukoloni kwenye mito ya baridi ya nyanda za juu, lakini si katika joto hili letu. Sasa ikawa: kama hii siyo, ipi? Mjomba hakunitajia fimbo. Alinipa karatasi akaniambia niandike kwa mpangilio huu: samaki gani, analala wapi, atakula nini, hicho chambo na chubwi vitakuwa na uzito gani, na vitatakiwa kufika wapi. Baada ya hapo mshipi. Fimbo chini kabisa, na rili, ile mashine ya kukunjia mshipi, mwisho. Nilipomaliza kuandika niligundua kwamba kifaa kimoja hakitoshi kwa samaki wote.

Perege wa Mtera mdomo wake ni mdogo, anapenda penye majani na maji ya kina kifupi, na anakula vitu laini: nyungunyungu, tonge la ugali. Huyo hahitaji kurushiwa mbali. Ufito wa mwanzi wa mita tatu, mshipi wenye urefu sawa na ufito uliofungwa nchani, kiboya cha kipande cha ndala, chubwi ya gramu chache na ndoano ndogo vinamtosha. Naomba nilisisitize hili kwa sababu limenigharimu: kwa perege usinunue fimbo. Watoto wa pale wanavua na ufito, na wanawapata kuliko mimi.

Kambale ni jambo jingine. Huyo analala chini kwenye tope, anasaka kwa harufu na ndevu, na hupenda giza au maji machafu. Anakula utumbo wa samaki, maini, hata vipande vya sabuni ya mche nimeona wakimtegea. Kumpata kutoka ukingoni unahitaji chubwi ya gramu 40 au 50 ikae chini isiburutwe na upepo, na uirushe ipite maji ya ukingoni. Na akishakula, kazi yake ya kwanza ni kukimbilia kisiki. Huyo ndiye wa kumnunulia fimbo: ya futi 9 hivi, iliyoandikwa gramu 30 hadi 80, yenye uti wa kutosha kumgeuza kabla hajafika kwenye mti.

Sasa ununuzi. Dodoma mjini nilipata fimbo za kuchomoa, zile unazovuta kipande kutoka ndani ya kipande. Moja pamoja na rili yake shilingi 45,000. Inaingia kwenye begi la mgongoni, na huo ndio uzuri wake wote. Vumbi na mchanga wa Mtera viliingia kwenye maungio, ikawa ama haifunguki ama haifungiki, na kambale wa kwanza mwenye maana alilizamisha ungio la tatu ndani ya la pili, kama darubini, mpaka nikabaki navuta kwa mkono. Haikuandikwa gramu popote. Siku hizi fimbo isiyoandikwa gramu siishiki, hata kama ni ya bei ya kutupa, kwa sababu aliyeitengeneza naye hajui inarusha nini.

Ya pili niliagiza Dar es Salaam, vipande viwili, shilingi 110,000 bila rili. Ikatumwa kwa basi ikiwa imezungushiwa magazeti. Ilifika stendi ya Nanenane ncha imekatika, na waliopokea mzigo wakasema wao walipokea karatasi, yaliyomo hawayajui. Nililipa fundi anitoe pete ya ncha na kuirudishia chini ya palipokatika. Fimbo ikafupika kidogo, inafanya kazi. Ukiagiza, mwambie muuzaji anunue bomba gumu la plastiki la maji lenye vifuniko, aitie humo. Kwangu bomba lilikuwa shilingi 8,000, na mpaka leo ndilo kabati la fimbo, hata juu ya bodaboda.

Dukani kuna mambo ambayo muuzaji hatakuambia ila ukiuliza.

Kaboni au nyuzi za kioo? Kaboni ni nyepesi na inasikia samaki akigusa tu. Lakini haipendi kugongwa: ikijigonga kwenye jiwe leo inaweza kukatika wiki ijayo ukiwa na samaki. Nyuzi za kioo ni nzito kidogo na ni ngumu kuua. Kwa mtu anayesafiri na fimbo juu ya pikipiki na kuilaza kwenye miamba, mimi ningechukua ya kioo au ya mchanganyiko. Kuna jambo jingine mjomba alilikazia kuliko yote: kaboni hupitisha umeme. Mtera ni kituo cha umeme, na nyaya kubwa zinatoka pale kwenda huku na huko. Usiinue fimbo, wala usitembee nayo ikiwa wima, karibu na nyaya. Radi ikianza kusikika mbali, ishushe na uondoke ukingoni.

Pete za fimbo nazo zikague. Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete ukikizungusha. Pamba ikinasa, pana mkwaruzo, na huo mkwaruzo utakula mshipi wako kidogo kidogo hadi ukatike ukidhani samaki alikuwa mkubwa. Fimbo yangu ya pili ilikuwa na pete moja ya hivyo. Nilibadilishiwa, kwa manung'uniko.

Kisha unganisha vipande vyote, mwambie mtu ashike ncha, uvute taratibu. Fimbo nzuri ya kambale inaanza kupinda nchani, ukiongeza inapinda katikati, na karibu na mpini inabaki imesimama. Inayopinda yote hadi mkononi itakupa raha kwa perege na kilio kwenye visiki. Muuza duka mmoja alinikatalia kujaribu, nikamshukuru, nikatoka.

Mshipi ndio niliouchelewa kuupa heshima. Madukani utapewa nailoni ya uzi mmoja au ule wa kusukwa. Wa kusukwa ni mwembamba kwa nguvu ileile na hauvutiki, kwa hiyo unamsikia samaki mara moja. Niliununua kwa bei mbaya nikauharibu kwa mwezi mmoja. Ukipita juu ya kisiki chenye ncha ukiwa umekazwa, unakatika. Halafu fundo la kawaida la kuzungusha linateleza kwake; unahitaji fundo la kupitisha mshipi uliokunjwa mara mbili kwenye tundu la ndoano, ufunge, kisha ndoano nzima ipite kwenye kitanzi. Nailoni inavutika, inasamehe mkono wa mwanafunzi, na bei yake inakuruhusu kuitupa ikichoka. Kwa kambale wa Mtera natumia nailoni ya milimita 0.40. Kwa perege milimita 0.25 inatosha.

Kwenye kibiringo utaona nguvu imeandikwa kwa pauni. Pauni 20 ni kilo 9 na kidogo. Haimaanishi kwamba samaki wa kilo 10 atakata, wala kwamba wa kilo 5 hatakata. Samaki haning'inii tu kwenye mshipi, anaukurupusha, na kinachokuokoa ni breki ya rili pamoja na mpindo wa fimbo. Breki nilikuwa naikaza kwa kukisia, mpaka nilipomuona fundi mmoja akifanya jambo jepesi sana: funga mwisho wa mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano, inua fimbo, vuta, na uirekebishe breki ianze kuachia mizani ikisoma robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Kwa mshipi wa kilo 9, hiyo ni kilo 2 na kitu hadi 3. Mkononi utaona imelegea mno. Iache hivyohivyo.

Fundo lolote hupunguza nguvu ya mshipi, na fundo lililokazwa kavu hupunguza zaidi kwa sababu ya joto la msuguano. Liloweshe mate kabla hujalikaza. Ujaze rili mpaka ibaki milimita mbili au tatu kufika ukingo wa kibiringo. Ukijaza kupita hapo mshipi unamwagika kwa mafungu, ukipunguza sana haufiki mbali. Na usiache rili kwenye dashibodi ya gari ndani ya jua la Dodoma, nailoni inachoka kwa jua.

Kambale hana meno ya kukata lakini ana utando wa vijimeno kama msasa. Ukipigana naye muda, sentimita za mwisho za mshipi huchakaa. Kwa hiyo nafunga nusu mita ya nailoni nene, milimita 0.60, kati ya ndoano na mshipi mkuu. Chubwi naifunga peke yake kwa kipande dhaifu. Ikinasa kwenye kisiki, na itanasa, kinakatika kile kipande, napoteza plagi mbovu na kubaki na samaki. Hilo la plagi nilimwiga yule kijana wa antena, na sijanunua chubwi za risasi tangu siku hiyo.

Ndoano zinachanganya wengi kwa namba zake. Kuanzia 1 kwenda juu, namba ikikua ndoano inakuwa ndogo: namba 10 ni ya perege, namba 4 ni kubwa kwake. Ila zikifuatiwa na mkwaju (/) na sifuri zinageuka: 2/0 ni kubwa, 4/0 ni kubwa zaidi. Kambale mpe 2/0 au 3/0. Niliwahi kuagizia mtu namba 3 nikitaka 3/0, akaniletea pakiti nzima.

Kabla ya yote hayo, leseni. Uvuvi unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009. Muone afisa uvuvi wa halmashauri ya upande utakaovulia, maana bwawa lina pande mbili za mikoa, umuulize pia kama kuna kipindi cha kufungwa na sehemu zisizoruhusiwa, hasa karibu na ukuta na mitambo. Mimi mara ya kwanza nilisimamishwa kwa sababu ya vibiringo vya nailoni kwenye begi. Nyavu za timba, zile za nailoni ya uzi mmoja, zimepigwa marufuku, na mtu mwenye nailoni nyingi anatia shaka. Fimbo ilinisaidia kujieleza, ingawa afisa aliiangalia muda mrefu kisha akauliza kama kweli kuna samaki wanaopatikana kwa ile.

Wapo. Ila usalama kwanza. Mtera ina mamba na viboko, na kambale anakula vizuri jioni, saa ileile kiboko anapotoka kwenda kula majani. Navua alfajiri hadi jua liwe kali, nasimama juu ya mwamba hatua kadhaa nyuma ya maji, na siingii majini kukwamua ndoano hata iwe ya bei gani. Hata pasipokuwa na mamba kuna kichocho. Mama mmoja anayekaanga samaki njia ya Migoli aliniona siku moja nimekunja suruali nakaribia kuingia. "Mwanangu, ndoano shilingi ngapi?" akauliza tu. Nikakata mshipi.

Fimbo ya mjomba haijaniona tena majini. Niliulizia bei ya mshipi wa namba 10 wa mikono miwili. Pamoja na usafiri ulizidi fimbo na rili yangu kwa pamoja, nikaachana nao. Binamu yangu anakwenda kusoma Aberdeen, mji ulioko mdomoni mwa Mto Dee, na Dee ni mto wa samoni. Aliniuliza anunue fimbo gani hapa aende nayo. Nimemwambia aibebe hiyo ya mjomba kwenye bomba, mshipi aununue hukohuko duka la wavuvi wakiwa wameishika fimbo mkononi, na aulize kibali cha kuvulia kipande cha mto kabla ya kuchovya hata kidole.

Kwa wa hapa, hesabu yangu ya leo ni hii. Ukiwa na shilingi 250,000 au karibu na hapo, chukua fimbo ya futi 9 ya nyuzi za kioo iliyoandikwa gramu, rili ya ukubwa wa kati yenye breki laini, nailoni ya 0.40, na hela inayobaki iwe ya leseni na nauli. Ukiwa na 100,000, usigawe kwa fimbo mbovu na rili mbovu. Nunua rili nzuri kwanza, fimbo isubiri mwezi mwingine. Ukiwa na 20,000, nunua nailoni, ndoano za 2/0 na mwanzi, umpigie fundi pikipiki akuwekee plagi zilizokufa. Ukifika, mtafute yule kijana mwenye chupa umuombe akufundishe kuzungusha, ila simama upande wa kushoto kwake, maana mkono wake wa kulia hauangalii nani yuko nyuma.